Jinsi ya kumjengea shujaa nguvu ya mori

Shujaa amepigwa hadi ameanguka kifudifudi. Anamkumbuka mamake. Macho yanawaka, ardhi inatetemeka, na adui aliyemshinda kwa sura tatu nzima anasambaratishwa kwa pigo moja. Tukio hili limo katika simulizi nyingi za fantasia zinazosomwa kwa simu kutoka Nakuru hadi Busia, na wasomaji wengi hulipitia juujuu, kwa maana walishajua mwisho wake tangu mama alipotajwa. Hasira ya namna hiyo haikutoka popote na haikumgharimu mtu chochote. Mwongozo huu ni wa anayetaka hasira ya shujaa wake ifanye kazi kama silaha nyingine yoyote: msomaji ajue imetoka wapi, inatosha mapigo mangapi, na inamwacha anayeitumia katika hali gani.

Nani anampanda nani

Kiswahili kina neno lililokaa tayari kwa kazi hii. Mori ni ile ghadhabu ya vitani ambayo ikimshika mtu hahisi jeraha wala hasikii akiitwa. Sikiliza tunavyolitumia: mtu hapandi mori, hupandwa na mori, kama mtu anavyopandwa na pepo. Hamaki pia humpanda mtu. Lakini kuna hasira nyingine ambazo mwenyewe huzitunza. Huweka kinyongo, hufunga fundo moyoni. Kabla hujaandika hata sentensi moja ya pigano, amua nguvu ya shujaa wako iko upande gani: inampanda, au anaiweka na kuitoa atakapo.

Ikiwa inampanda, iwe kubwa na isiwe na masikio. Wasiwasi wa msomaji hapo hauko kwa adui. Uko kwa mdogo wake shujaa aliyesimama hatua tano nyuma. Ikiwa anaiweka, kila pigo liwe dogo lakini lisikose shabaha, na hatari iwe ndani yake mwenyewe, kwa jinsi kinyongo kinavyomla aliyekitunza miaka. Mswada huharibika pale mwandishi anapochanganya: sura ya 2 mori inampanda bila hiari, sura ya 6 anafumba macho na kuiita kama anayeita bodaboda. Akihama kutoka upande mmoja hadi mwingine, uhamaji huo ni safari ya mafunzo. Ipe sura tatu angalau, na mbili kati yake ashindwe.

Dhuluma inayoshikika mkononi

"Mfalme mwovu aliwatesa watu wetu kwa miaka mia." Sentensi hiyo haiwashi moto. Hasira hushika kwenye kitu ambacho msomaji anaweza kukishika, na kadiri kitu kilivyo kidogo ndivyo inavyowaka vizuri.

Tuchukue mfano mmoja na tuufanyie kazi hadi mwisho. Auma ni mchuuzi wa omena katika nchi ya kubuni iliyo kando ya ziwa kubwa. Sura ya nchi hiyo waweza kuiazima ufuoni Dunga, pale Kisumu: mitumbwi iliyoinamishwa mchangani, mafunjo, magugu maji yanayofunga njia ya wavuvi. Ngome inayotawala hapo hununua samaki na kulipa kwa unga, na kila kitu hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Anayenunua nafaka sokoni Magharibi mwa Kenya anaujua ujanja wa mkebe uliobonyezwa kitako. Ukiutazama kwa mbele ni mzima, lakini chini umeingia ndani, na katika kila kipimo unga unapungua. Askari wa ngome wana mikebe miwili. Wakipokea omena wa Auma wanataka gorogoro zima lenye kilele. Wakimlipa unga, wanalipa kwa lile lililobonyezwa.

Sasa kanuni ambayo hatungekubali kuilegeza: nguvu ifanane na dhuluma iliyoizaa. Auma amepunjwa uzito, basi nguvu yake iwe ya uzito. Kila kipimo alichopunjwa kimekaa mwilini mwake, na akikasirika hushuka mkononi kama pigo lenye uzito wa gunia la kilo 90. Amepunjwa mara 40. Ana mapigo 40, na la 41 halipo. Aliyesingiziwa wizi angeweza kupewa mikono inayofungua kila kufuli. Aliyefukuzwa shambani kwa babake angeweza kuamrisha udongo, lakini ule wa shamba lile tu, hivyo atalazimika kutembea na mfuko wake. Moto wa machoni na umeme wa vidoleni huonekana vya bei rahisi kwa sababu havina undugu na kilichotendeka.

Kujipima ni rahisi. Mwondoe shujaa wako, weka mwingine mahali pake, kisha usome tena tukio la kwanza la nguvu. Kama halikubadilika, dhuluma yako bado ni ya jumla mno.

Ngazi tano, na usiziruke

Lugha yetu haina hasira moja. Panga maneno haya kama ngazi na uipe kila ngazi kazi yake.

1. Kuudhika. Nguvu isionekane. Weka ishara moja ndogo, na iwe ileile kila mara. Auma akiudhika, mchanga hushuka kidogo chini ya nyayo zake. Baada ya kuiona mara mbili msomaji ataanza kuitafuta mwenyewe.

2. Kukereka. Ishara inakua na wengine wanaigundua. Maneno ya mhusika yanapungua.

3. Kukasirika. Nguvu ipo na akili ingalipo. Pigo moja, linalolengwa, lenye sababu. Mapigano mengi ya riwaya yaishie hapa.

4. Kughadhabika. Mapigo yanafuatana na hesabu inaanza kumponyoka. Hasikii jina lake mara ya kwanza akiitwa.

5. Kupandwa na mori. Hatofautishi rafiki na adui. Mara moja katika riwaya nzima, mara mbili ikiwa ndefu sana.

Kupanda ngazi mbili kwa mkupuo kunaruhusiwa pale tu ambapo sura za nyuma zimeshaweka kinyongo akiba. Mtu aliyenyamaza miezi sita anaweza kutoka kuudhika hadi kughadhabika kwa neno moja, na msomaji atamwelewa.

Mwili wa kweli utakusaidia kuliko mithili yoyote. Mtu akighadhabika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unaenda mbio, damu inakimbilia misuli mikubwa ya mapaja na mabega, macho yanaona kilicho mbele na kupoteza vya kandokando, sauti zinasikika kwa mbali. Maumivu hukawia. Vidole navyo hupoteza ustadi wa kazi ndogondogo, na hapa ndipo waandishi wengi huteleza: shujaa aliye ngazi ya 4 anafungua fundo la kamba, au anachomeka ufunguo katika tundu lake gizani, bila taabu yoyote. Mnyime ustadi huo. Mpe badala yake nguvu ya kusukuma, kuinua na kupiga. Mtu asiye na mazoezi akipiga kwa nguvu zake zote huanza kukosa pumzi baada ya dakika moja au mbili. Akipiga kitu kigumu kwa ngumi, mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo huvunjika kwa urahisi, na ataujua kesho. Baadaye hutetemeka, huona baridi, pengine hutapika. Mitetemo hiyo ya baadaye hufaa sana katika simulizi, kwani humwonyesha shujaa akiwa mnyonge mbele ya watu waliomshangilia sasa hivi.

Hasira baridi

Kuna tawi linalochomoka kando ya ngazi hii, na kwa maoni yetu ndilo lenye utajiri zaidi. Ni hasira isiyopaza sauti: kuzira, kununa, kukataa chakula, kusema "haidhuru" na kumaanisha kinyume chake.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la kreta liitwalo Simbi Nyaima. Husimuliwa kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa karamu akaja bibi kizee mwenye njaa. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, naye bibi akamwonya aondoke na jamaa zake. Mvua ikanyesha na kijiji kikazama. Angalia ufundi wa masimulizi haya. Bibi hapigi kelele wala macho yake hayabadiliki rangi. Anaomba, ananyimwa, anamlipa aliyemtendea wema, kisha maji yanafanya kazi. Na chini ya maji yale bila shaka walikuwamo watoto ambao hawakumfukuza mtu.

Ukitaka kuandika hasira baridi, fuata mpangilio huo: ombi dogo linalowezekana, kukataliwa mbele ya watu, zawadi au onyo kwa mmoja, halafu kimya. Kimya kichukue nafasi ndefu kuliko maangamizi. Ukurasa mzima wa watu wakiendelea kucheza ngoma huku mawingu yakijikusanya utamtesa msomaji kuliko kurasa kumi za mafuriko.

Mahali pa karibu huweza kuikopesha hadithi yako joto lake. Menengai, juu ya mji wa Nakuru, ni kreta ambayo chini yake ardhi bado ina moto, na mvuke huchimbwa humo ili kuzalisha umeme. Hasira iliyofunikwa ikitafuta umbo, umbo ndilo hilo. Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa huko Seme, maana ya jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kuwa mzee mmoja alilipenda mno, akashinda hapo mchana kutwa, na mkewe akiulizwa aliko hujibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Jibu hilo lina kinyongo cha kuendesha riwaya nzima.

Jivu: gharama inayolipwa mara ileile

Nguvu ya hasira isiyo na gharama huishia kuwa zawadi, na shujaa anayepewa zawadi kila akikasirika atajifunza kukasirika tu. Gharama iwe ya ukoo mmoja na nguvu. Kila pigo humwondolea Auma kilo 1 ya uzito wake mwenyewe. Akianza na kilo 58, pigo la 40 litamwacha na kilo 18, na upepo wa alasiri unaovuma kutoka ziwani utatosha kumwinua. Sasa kila pambano lina maswali mawili: atashinda? na atashikilia nini akishashinda?

Gharama ionekane katika sura ileile ya pigo, kabla mtu hajalala. Ukiichelewesha hadi sura ya 12, msomaji ataiona kama hila ya mwandishi. Ionekane kwa kitu cha kila siku pia. Sandali zinazompwaya Auma zina nguvu kuliko hotuba yake kuhusu laana.

Udhaifu nao usitoke nje ya nguvu. Waluo humsimulia Luanda Magere, shujaa ambaye mikuki haikupenya mwili wake kwa sababu ulikuwa kama jiwe. Nguvu yake ilikuwa kivulini. Alipougua alimwambia mkewe, aliyeletwa kutoka kwa maadui, amchanje kivulini badala ya mwilini, na mke akaipeleka siri hiyo kwao. Katika vita vilivyofuata mkuki ulirushwa kwenye kivuli na Magere akaanguka, akageuka jiwe. Hakuuawa na dawa iliyoletwa kutoka mbali. Aliuawa kwa kitu kilichokuwa naye kila siku ya jua, na alikifichua alipokuwa mgonjwa, akihitaji mkono wa mtu. Muulize shujaa wako: ni wakati gani anahitaji mkono wa mtu, na mkono huo ni wa nani?

Mkizi na mvuvi

Mkizi ni samaki wa baharini, hatuna ziwani, lakini methali yake imefika kila darasa la Kiswahili: hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Husemwa kwamba mkizi akikasirika huruka, na akiruka huangukia chomboni. Hapo umepewa adui wako. Adui anayefaa kupigana na shujaa wa mori ni yule anayetaka shujaa akasirike.

Mjenge hivi. Katika kukutana kwa kwanza, adui apigwe na ajifunze kilichomkasirisha shujaa. Katika kukutana kwa pili, amchokoze kwa kitu hichohicho lakini mahali anapopachagua yeye: darajani, gatini, karibu na watoto. Katika kwa tatu, shujaa ajue anachokozwa na bado ashindwe kujizuia, au ajizuie na alipie kujizuia kwake. Kamanda wa ngome anayepanga magorogoro 30 yaliyobonyezwa kando ya njia ili Auma amalize mapigo yake kwa askari wa kawaida ni hatari kuliko jitu lenye vichwa saba.

Kuandika pigano lenyewe

Ukienda kutazama fahali wakipigana Khayega au Malinya, upande wa Kakamega, utaona kwamba siku yenyewe huliwa na maandalizi: safari kutoka nyumbani, ngoma za isukuti, nyimbo za kumsifu fahali, umati unaorudi nyuma na kusogea tena. Kupigana kwenyewe kunaweza kuwa kwa dakika chache, na fahali mmoja akigeuka na kukimbia, kumekwisha. Gawa sura yako kwa kipimo hicho. Kwa sura ya maneno 1,500, maneno 900 yaende kwenye kujaa kwa hasira, 300 kwenye mapigo, na 300 kwenye jivu. Waandishi wengi hugeuza hesabu hii, nao hujikuta wakitafuta neno la kumi na moja la kusema "akapiga".

Katika mapigo, tumia -ka- kwa vitendo vinavyofuatana na sentensi fupi, lakini usizidishe vitenzi vitano vya -ka- mfululizo bila kupumzisha sikio kwa kitu kinachoonekana. Tanakali moja kwa pambano: tifu, chubwi, kacha. Tatu zikifuatana zinageuka mchezo. Na mithili zile za insha za shuleni, za kufura kama hamira na macho mekundu kama damu, ziache. Zilikuwa nzuri siku ya kwanza.

Hivi ndivyo tukio lisivyotakiwa kuwa:

"Auma alifura kwa hasira mithili ya hamira. Macho yake yakawa mekundu kama damu. Akapiga ukemi na nguvu za ajabu zikamtoka, askari wote wakaanguka."

Na hivi ndivyo linavyoweza kuwa baada ya kupita hatua zote hapo juu:

"Askari alimimina unga. Auma akachungulia mkebeni, akaona kitako kilivyopanda. 'Hilo gorogoro,' alisema, 'lipindue.' Askari akacheka. Mchanga ukashuka chini ya nyayo za Auma, upana wa kidole, kisha wa viwili. 'Lipindue, mzee.' Hakulipindua. Auma akainua kiganja polepole, kama anayetaka kumpangusa vumbi begani, akakiweka. Tifu! Askari alikuwa amepiga magoti, mkono wake wa kulia unaning'inia kama kamba ya wavu. Yamebaki thelathini na tisa. Upepo ukavuma kutoka ziwani, na kwa mara ya kwanza Auma akalazimika kushika nguzo ya kibanda."

Angalia lile "mzee". Mtu wa kwetu akikasirika sana mara nyingi huongeza adabu, na heshima inayobaki mdomoni mkono ukiwa umeshainuka hutisha kuliko matusi.

Hasira ya umati

Mwandishi akikwama, huja kishawishi cha kuwafanya wanakijiji wote wakasirike pamoja na nguvu yao iunganike. Inawezekana, lakini kumbuka tunavyoisikia habarini ile hadithi ya wananchi wenye ghadhabu: mtu mmoja amepiga kelele ya mwizi, na baada ya dakika chache kuna maiti ambayo hakuna aliyeiuliza swali. Hasira ya umati husambaa haraka, hulenga vibaya, na hakuna anayeibeba kesho yake. Ukiitumia kama nguvu, onyesha makosa hayo matatu. Mpe mmoja wa umati jina, na umfuate hadi nyumbani kwake usiku ule akinawa mikono.

Kabla ya kuusambaza mswada

Soma ukiwa na kalamu. Pembeni mwa kila tukio andika ngazi ya hasira kwa namba, idadi ya mapigo yaliyobaki, na gharama iliyolipwa. Ukiona 5, 5, 5, umechosha mori yako, shusha mbili. Ukiona mapigo hayapungui, msomaji ameshaacha kuhesabu kabla yako. Kisha soma mapigano kwa sauti. Panapokukata pumzi pasipotakiwa, vunja sentensi.

Liangalie hasa pigo la mwisho. Wengi humtunzia adui mkuu, na kila msomaji hulisubiri hapo. Jaribu kumwangusha kamanda kwa pigo la 39, kisha umwache Auma ufuoni na moja mkononi, kilo 19 tu, sandali ameshazivua. Mchuuzi mwenzake anampimia mtoto omena, na gorogoro analopimia limebonyezwa kitako. Andika ukurasa huo kabla ya kuandika sura ya kwanza.